Bahari, Mlima na Mifupa: Tabianchi ya Kale kutoka Bamburi hadi Nyanda za Juu

Historia ya tabianchi ya Afrika Mashariki haiwezi kupimwa kwa kipimo kimoja, kwa sababu nchi yenyewe haina kimo kimoja. Kutoka Bamburi, ambako jiwe la matumbawe limeinuka mita chache tu juu ya maji ya Bahari ya Hindi, hadi kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, umbali wa mstari ulionyooka haufiki kilomita 300, lakini katika umbali huo mdogo zimo pwani yenye joto na unyevu, nyika kavu ya Taru, misitu ya ukungu ya milimani na hatimaye barafu. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, na mvua nayo hugawanywa kwa kufuata upande ambao mlima umeuelekezea upepo wa baharini. Kwa hiyo kila mara dunia ilipopoa au kupata joto katika zama zilizopita, badiliko hilo moja lilizaa matokeo tofauti katika kila mwinuko, na viumbe walioyashuhudia matokeo hayo, hasa mamalia, wameacha mifupa na meno ambayo wanasayansi wamejifunza kuyasoma. Ushahidi huo ukikusanywa pamoja, kuanzia ufuoni hadi bara, unaonyesha kwamba mabonde ya bara yaligeuzwa sura mara nyingi, ilhali ukanda unaopokea unyevu wa bahari uliyapokea mabadiliko yale yale kwa upole zaidi na ukawa hifadhi ya viumbe vilivyotoweka kwingineko.

Bamburi yenyewe ni zao la mabadiliko hayo. Jiwe lililo chini ya nyumba, hoteli na mashamba ya upande wa Kisauni ni mwamba wa kale wa matumbawe, yaani mifupa ya chokaa iliyojengwa na viumbe wadogo wa baharini, na sehemu kubwa ya jiwe hilo huhusishwa na kipindi cha joto cha takriban miaka 125,000 iliyopita, ambapo barafu za ncha za dunia ziliyeyuka kuliko leo na usawa wa bahari ukapanda kati ya mita 6 na 9 juu ya ule wa sasa. Katika kuta za machimbo, matumbawe ya duara bado yameketi kama yalivyoota, yakiwa yamezungukwa na mchanga ulioshikamana na magamba ya kome na konokono wa baharini, kwa hiyo mtu anayesimama mbele ya ukuta huo anatazama sakafu ya bahari iliyokuwa hai zamani na iliyo nchi kavu sasa. Mwanajiolojia P. V. Caswell alieleza miamba hiyo katika ripoti yake ya mwaka 1953 kuhusu eneo la Mombasa na Kwale, akaonyesha jinsi nchi inavyopanda kwa hatua kutoka ufuoni: kwanza uwanda wa matumbawe, kisha miamba laini ya Changamwe iliyotokana na tope la bahari ya zama za Jurasiki, halafu vilima vya mawe ya mchanga vya Mazeras na Shimba. Hivyo ngazi ya miinuko inayoishia kwenye theluji inaanzia hapa.

Ili ushahidi wa wanyama ueleweke, ni lazima kwanza ifahamike jinsi jino linavyotunza habari za hali ya hewa. Mnyama anayekula nyasi husagisha meno yake kwa chembe ngumu zilizomo ndani ya nyasi na kwa vumbi lililotuama juu yake, na kwa sababu hiyo jamii za wala nyasi, kama vile punda milia na kongoni, zimekuwa na meno marefu yanayochukua miaka mingi kumalizika, ilhali wala majani ya miti wana meno mafupi. Njia ya pili ni ya kikemia. Miti, vichaka na nyasi za sehemu za baridi hunasa hewa ya ukaa kwa namna moja, na nyasi za sehemu zenye joto kwa namna nyingine, nazo namna hizo mbili huacha uwiano tofauti wa isotopu za kaboni, yaani atomu za kaboni zinazotofautiana kwa uzito. Uwiano huo hupita kutoka kwenye mmea hadi kwenye enameli, lile tabaka gumu jeupe la nje ya jino, na hubaki humo kwa mamilioni ya miaka. Jino moja la swala likipimwa maabara huweza kueleza kama mnyama huyo alilisha msituni au mbugani, na meno mengi kutoka tabaka moja la udongo hueleza sura ya nchi nzima.

Kisa cha zamani zaidi katika mfululizo huu kinamhusu nyangumi. Mwaka 1964, huko Loperot katika Turkana, msafara wa Chuo Kikuu cha Harvard ulipata kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe yaliyogeuka jiwe, cha nyangumi wa jamii ya wenye mdomo uliochongoka, ambao kwa kawaida huishi katika maji ya kina kirefu cha bahari. Mtafiti James Mead alimweleza mnyama huyo kwa maandishi mwaka 1975, kisha kisukuku chenyewe kikapotea machoni pa wataalamu kwa miaka mingi, hadi kilipopatikana tena mwaka 2011 katika hazina za Harvard. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, ambao miongoni mwa waandishi wake alikuwa Fredrick Kyalo Manthi wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, ulionyesha kwamba nyangumi huyo, mwenye urefu wa takriban mita 7, aliishi miaka milioni 17 iliyopita na aliingia bara kwa kupanda mto mkubwa uliokuwa ukimwaga maji katika Bahari ya Hindi. Leo mahali alipopatikana pako zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa nyangumi hawezi kupanda maporomoko, watafiti walikadiria kwamba wakati ule mahali hapo palikuwa kati ya mita 24 na 37 tu. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya nchi iliyo baina ya pwani na Turkana ilikuwa tambarare ya chini, na mfupa wa mnyama wa baharini ukawa kipimo cha kuinuka kwa bara.

Kuinuka huko kulikuwa chanzo cha tabianchi mpya. Nguvu za joto kutoka ndani ya dunia zilipoisukuma ardhi juu na Bonde la Ufa likaanza kupasuka, nyanda za juu zilisimama mbele ya pepo zenye mvua, na nchi zilizo nyuma yake zikapungukiwa na unyevu. Kabla ya hapo, katika kisiwa cha Rusinga kwenye Ziwa Viktoria, ambako Mary Leakey alipata mwaka 1948 fuvu mashuhuri la nyani wa kale aliyeitwa Proconsul, kulikuwa na misitu iliyowalisha wanyama wapanda miti miaka milioni 18 iliyopita, ingawa misitu hiyo haikuenea kila mahali wala nyakati zote. Katika mamilioni ya miaka yaliyofuata, nyasi za sehemu zenye joto zilizidi kuenea, na jamii za paa, swala, farasi, viboko na tembo zikageuza meno na miguu yake kulingana na nchi iliyo wazi. Badiliko hilo halikuwa la siku moja wala la mstari mmoja, kwa kuwa kila bonde na kila mteremko ulikuwa na mvua yake.

Tofauti hiyo ya mahali na mahali inaonekana wazi katika Olorgesailie, ndani ya Bonde la Ufa kusini-magharibi mwa Nairobi, ambako Louis na Mary Leakey walianza uchimbaji katika miaka ya 1940 na ambako Rick Potts wa Taasisi ya Smithsonian, akishirikiana na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, amefanya kazi tangu mwaka 1985. Tabaka za kale za hapo zina tembo mkubwa wa jamii iliyotoweka, nyani mkubwa aliyekula nyasi na punda milia mzito wa kale, wote wakiwa wanyama wenye miili mikubwa waliotegemea malisho mengi na maji ya kudumu. Baina ya miaka 500,000 na 320,000 iliyopita ardhi ilikatika kwa mitetemeko, ziwa likapungua na kujaa tena, ukame ukapishana na mvua, na tabaka zilizofuata zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya mamalia hao ilikwisha kutoweka na nafasi yao kuchukuliwa na jamii ndogo zaidi zinazofanana na za leo. Bonde lililozungukwa na kuta, mbali na unyevu wa bahari, liliyahisi mabadiliko ya tabianchi kwa ukali zaidi, kwani maji yalipokauka wanyama wakubwa hawakuwa na kimbilio la karibu.

Hali kama hiyo ilijirudia kuzunguka Ziwa Viktoria katika enzi ya mwisho ya barafu, iliyofikia kilele chake takriban miaka 20,000 iliyopita. Ziwa hilo, ambalo uso wake uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, halina kina kirefu, na mashapo ya chini yake, yaani tope lililotuama kwa tabaka, yanathibitisha kwamba lilikauka karibu kabisa mwishoni mwa enzi hiyo, takriban miaka 17,000 hadi 15,000 iliyopita. Hata kabla ya hapo lilikuwa limepungua mara kadhaa. Katika tabaka za Rusinga na Karungu zenye umri wa makumi ya maelfu ya miaka, Tyler Faith na wenzake wamepata mifupa ya choroa na ya punda milia wa Grevy, wanyama ambao leo ni wa nchi kavu za kaskazini mwa Kenya, jambo linaloonyesha kwamba nyasi na ukame vilifika hadi ufuo wa ziwa na kwamba Rusinga yenyewe iliunganika na nchi kavu.

Miongoni mwa wanyama wa Rusinga, mmoja anastahili kuangaliwa kwa karibu. Jina lake la kisayansi ni Rusingoryx atopocranion, naye alikuwa mla nyasi wa ukoo wa nyumbu na kongoni. Juu ya uso wake mifupa ya pua iliinuka ikafanya nundu yenye uwazi ndani, na njia ya hewa ikazunguka humo kabla ya kushuka kooni, umbo ambalo halijulikani kwa mamalia mwingine na ambalo hufanana zaidi na lile la baadhi ya dinosari wala majani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulipendekeza kwamba nundu hiyo ilimwezesha kutoa sauti nzito za kuwasiliana na wenzake katika uwanda mpana. Mnyama huyu alifaa kabisa kwa mbuga kavu zilizoenea, na mbuga hizo zilipopungua baada ya mvua kurudi, alitoweka yeye pamoja na wala nyasi wengine wa bara, kama vile yule mdogo wa jamii ya nyamera aitwaye Damaliscus hypsodon, ambaye mifupa yake imepatikana pia Lukenya karibu na Athi River. Kwa hiyo katika bara, ukame ulipanua makao ya wala nyasi na unyevu ukayabana, na kila mpito ulikuwa na waliopotea.

Milimani mabadiliko yalichukua sura nyingine. Watu wa pwani ya Mombasa walikuwa karibu na swali la baridi ya milimani mapema kuliko wasomi wa Ulaya, kwani ilikuwa kutoka Rabai, nyuma kidogo ya Changamwe, ambako mmisionari Johannes Rebmann aliondoka akauona mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji mwezi Mei 1848, na habari yake ikapingwa London na mwanajiografia William Desborough Cooley aliyeshikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Karne iliyofuata ilileta swali la kina zaidi: je, ukanda wa baridi wa milimani ulishuka hadi wapi dunia ilipopoa? J. A. Coetzee, mtaalamu wa chavua, yaani unga wa maua unaohifadhika katika tope la maziwa, alichapisha mwaka 1967 matokeo ya ziwa dogo lililo kwenye Mlima Kenya, akaonyesha kwamba mimea ya juu ya msitu ilishuka mno katika enzi ya barafu. Baadaye vipimo vya kaboni kutoka ziwa hilo vilibainisha kwamba upungufu wa hewa ya ukaa wakati huo nao uliipa nyasi nguvu dhidi ya miti.

Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, alihitimisha katika miaka ya 1960 kwamba baridi ya nyuzi 5 ingeweza kuushusha ukanda wa viumbe wa milimani hadi takriban mita 500, na kwamba misitu ya milima iliyotengana sasa ingekuwa imeungana. Hoja hiyo ilieleza kwa nini mnyama wa jamii moja hupatikana katika vilele vilivyo mbalimbali. Hata hivyo, uchunguzi wa chavua kutoka Udzungwa na Uluguru uliochapishwa mwishoni mwa muongo wa 2000, ukiwemo wa Cassian Mumbi na wenzake, umeonyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia: katika milima hiyo inayoielekea Bahari ya Hindi, msitu haukutoweka hata katika kilele cha baridi na ukame. Mawingu ya bahari yaliendelea kupanda miteremko yake, na ndiyo sababu milima hiyo ina mamalia wanaopatikana katika milima ya Tanzania pekee, miongoni mwao kipunji, tumbili aliyetambulishwa kwa sayansi mwaka 2005, na njule mwenye uso wa kijivu aliyeelezwa mwaka 2008.

Ushahidi wa pwani yenyewe umepatikana karibu na Bamburi, chini ya kilomita 50 kuelekea kaskazini, katika pango la Panga ya Saidi. Pango hilo liko katika vilima vya Dzitsoni, Kaunti ya Kilifi, takriban kilomita 15 kutoka ufuoni na mita 150 hivi juu ya usawa wa bahari, ndani ya mawe ya chokaa ya zama za Jurasiki. Tangu mwaka 2010, watafiti wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya wakiwemo Emmanuel Ndiema, pamoja na wenzao wa taasisi ya Max Planck ya Ujerumani, wamechimba humo tabaka zinazofikia miaka 78,000. Humo ndimo lilimopatikana kaburi la mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyelazwa kwa ubavu wa kulia akiwa amekunjwa miguu, na ambaye watafiti walimwita Mtoto katika taarifa yao ya mwaka 2021. Kaburi hilo, lenye umri wa takriban miaka 78,000, ni la kale kuliko yote ya binadamu wa sasa yanayojulikana barani Afrika.

Kwa historia ya tabianchi, mifupa ya wanyama iliyopatikana pangoni humo ina uzito usiopungua ule wa kaburi. Wanyama wa msituni wanapatikana pamoja na wanyama wa uwanda wa nyasi, na vipimo vya meno vinakubaliana na picha hiyo ya nchi yenye msitu na mbuga vikipakana. Uwiano wa msitu na nyasi ulibadilika kadiri mvua ilivyoongezeka au kupungua, lakini mpaka huo baina ya vyote viwili haukufutika katika makumi ya maelfu ya miaka ambayo maziwa ya bara yalikauka na kujaa. Sababu moja iko baharini. Katika kilele cha enzi ya barafu usawa wa bahari ulishuka kwa zaidi ya mita 120, lakini mbele ya Bamburi na Kilifi sakafu ya bahari hushuka kwa ghafla muda mfupi baada ya mwamba wa matumbawe, kwa hiyo ufuo haukuondoka mbali, na upepo wenye unyevu uliendelea kuvifikia vilima.

Mahali ambapo sakafu ya bahari si ya kina, matokeo yalikuwa mengine. Mlango wa bahari baina ya Unguja na Tanganyika una kina cha makumi ya mita tu, na bahari iliposhuka Unguja ikawa sehemu ya bara. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, ambalo Felix Chami alilichimba mwaka 2005 na wengine wakalirudia baadaye, imepatikana mifupa ya punda milia na nyati, wanyama ambao hawapo kisiwani leo. Bahari ilipopanda tena baada ya barafu kuyeyuka, takriban miaka 10,000 iliyopita, wanyama hao walizingirwa katika nchi iliyozidi kuwa ndogo, nao wakatoweka mmoja baada ya mwingine, huku wadogo wanaopenda vichaka wakisalia. Paa nunga ndiye kumbukumbu hai ya muungano huo, kwa kuwa anaishi Unguja na pia katika misitu ya pwani ya Kenya, ikiwemo Arabuko-Sokoke. Pemba, iliyotenganishwa na bara kwa mfereji wa kina cha mamia ya mita, haikuunganika wakati huo, na uchache wa mamalia wake wa asili unalingana na historia hiyo.

Kutokana na mambo haya linapatikana funzo ambalo lina uzito kwa wakati huu. Hifadhi ya pwani ilifanya kazi kwa sababu mambo mawili yalikuwepo pamoja: unyevu wa bahari usiokatika, na njia iliyo wazi ambayo wanyama waliweza kupanda au kushuka kwayo kadiri hali ilivyobadilika. La pili sasa limevunjika. Misitu ya pwani imebaki vipande, vingi vikiwa ni kaya za Wamijikenda zilizolindwa kwa mila, baadhi yake zikiwa zimeingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na baina ya kipande na kipande kuna mashamba, barabara na miji. La kwanza nalo limeanza kutikisika, kwani bahari yenyewe inapata joto: mwaka 1998 joto la El Niño liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya pwani ya Kenya, yakiwemo yale ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyo mbele ya Bamburi na iliyotangazwa mwaka 1986. Joto la sasa linawasukuma viumbe juu, na kwa wale wa vilima vya mita 200 au 400 hakuna mlima wa kuendelea kupanda.

Bamburi pia inatoa mfano wa kinachoweza kurudishwa na kisichoweza. Kiwanda cha saruji kilichoasisiwa hapo mwaka 1951 na kuanza uzalishaji mwaka 1954 kiliacha machimbo makubwa katika mwamba wa matumbawe, na mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti katika sakafu hiyo yenye chumvi na joto kali. Miche ya aina 26 ilijaribiwa, aina tatu zikaishi, mvinje ukiwa mstari wa mbele, na jongoo walipoletwa kusaga majani yake makavu, udongo mpya ulianza kujengeka. Leo mahali hapo ni msitu ambamo pofu na choroa hulisha. Kazi hiyo ni fahari ya kweli kwa Mombasa, na inathibitisha kwamba uhai unaweza kurejeshwa katika nusu karne. Tabaka za pangoni, kwa upande mwingine, zilijengeka kwa miaka 78,000, na zikisagwa pamoja na jiwe la chokaa linalozihifadhi hakuna mche wala jongoo atakayezirejesha. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inalinda mabaki ya kale ya Kenya, lakini mabaki ambayo hayajagunduliwa hayana anayeyasemea. Inapasa basi kila kilima cha chokaa baina ya Kwale na Kilifi kichunguzwe mapango yake kabla ya leseni ya kuchimba kutolewa, na uchunguzi huo ushirikishe wazee wa kaya na vijana wa vijiji wanaoyajua mapango hayo kwa majina, kwa sababu katika mifupa iliyomo humo ndimo ilimoandikwa namna pwani hii ilivyohimili mabadiliko yaliyoishinda nchi ya bara, na elimu hiyo itahitajika na watu watakaokabili joto la karne ijayo.